Supu Ambayo Mama Alikataa Kunifundisha

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso. Si chuki, ni heshima. Mama akija kukaa kwangu, mume wangu hutoka alfajiri kabla Mama hajaamka na hurudi giza likiingia, ameinamisha kichwa. Lakini nyumba yetu ya mtaa wa Shari ina mlango mmoja tu, na ukitaka kwenda choo lazima upite uani. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, Mama alikuja kunisaidia, akaweka kiti chake hapo hapo mlangoni, penye jua.

Mume wangu huendesha lori la mbao toka Niania. Jumamosi moja alifika salama, wenzake wakampokea kwa lutuku, ile pombe kali ya muhogo. Jumapili jua lilimkuta bado kitandani, kichwa kinampasuka, na Mama ameshakaa kwenye kiti chake na mtoto mapajani.

Baba yangu alikufa kwa pombe. Kwa hiyo Mama alikuwa amenionya tangu siku ile alipoingia: akiikuta pombe kwangu, atanirudisha nyumbani kwa kaka zangu, mimi na mtoto. Nilimjua. Yeye hasemi mambo kwa mchezo.

"Mama anaondoka saa ngapi pale ku mulango?" mume wangu aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Haondoki. Lala."

Akaangalia dirisha. Lina nondo, alizitia mwenyewe kwa kuogopa wezi. Siku nyingine ningemcheka.

Nikawa nampita Mama na beseni la matapishi nimelifunika kitenge, nakwenda kumwaga, narudi, nakwenda tena. Mwishowe akaniuliza bila kuinua macho:

"Bwana yako iko na nini?"

"Iko na malaria, Mama."

"Malaria ya siku hizi inanukaka sana."

Niliwachukia wote wawili kwa dakika ile, nasema kweli. Ndani mtu anaomba maji, nje mtu ananusa, na mimi ambaye mwili haujapoa na uzazi ndiye ninayetembea katikati. Nilitaka kulia, ila nyumba yote haikuwa na pembe ya kulilia.

Niliwasha mbabula, jiko letu la makaa, nikapika supu ya samaki mkavu, nikakamulia ndimu na kutia pilipili nyingi kama nilivyosikia watu wakisema hutoa pombe kichwani. Mume wangu alionja vijiko viwili, akavirudisha vyote ndani ya beseni. Mama alisikia. Hata majirani walisikia.

Ndipo Mama akasimama.

"Shika mutoto," alisema, akaninyang'anya mwiko.

Alinipa mgongo, akapika. Kila niliposogea kuchungulia alinituma: leta chumvi, anika nepi, angalia kama bidoni ya maji imejaa. Nilisikia harufu ya mawese na ya majani machungu, basi. Supu ilipoiva aliitia bakulini, akaiweka kwenye kizingiti, akageukia ukuta ili asione ndani, akaniambia nimpelekee.

Mume wangu alikunywa, akatoka jasho, akalala. Mchana aliamka akaomba bugali. Nilifurahi kama mjinga. Nilifikiri tumepona, kwa sababu Mama ameona yote na badala ya kufunga mizigo amepika. Nikakaa karibu naye, nikamkanda miguu, nikajipendekeza.

"Mama, unifundishe ile supu. Siku ingine utakuwa haiko."

"Hapana."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia si siri ya kuzikwa nayo, mimi ni binti yake.

"Ndiyo maana," alisema. Mtoto alikuwa amelala, akamfunika vizuri kwanza. "Mama yangu alinifundisha mbele ya arusi. Nikamupikia baba yako kila asubuhi. Anakunywa, anapona, anarudia. Watu walikuwa wanasema niko bibi muzuri. Kama sikujua kuipika, ningetoka kwake weye ukiwa ungali mudogo."

Nyuma ya pazia mume wangu alikuwa akitafuna taratibu, bila kelele, kama mtu anayesikiliza.

Mama aliniuliza nguo za mtoto ziko wapi. Nikamwonyesha sanduku, kisha nikaenda kuanua nepi.