Kabureta Kubwa ya Mdoe

Mwaka 1954, pale Korogwe, pikipiki yenye mngurumo mkubwa kuliko zote ilishindwa na kilima ambacho kina mama walikipanda kila siku na kuni kichwani.

Aliyekuwa juu yake ni Mdoe, Mzigua wa Sindeni. Ukoo wake mpaka leo hawapendi habari hii isimuliwe. Shauri yao.

Chanzo kilikuwa kazi. Shamba la mkonge lilitaka tarishi wa kupeleka barua na dawa Handeni. Walibaki wawili: Mdoe na Valerian, Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge.

Kila mmoja akapewa pikipiki, zote sawa, zenye ile injini ndogo inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Wiki moja ya kuitengeneza, kisha kupanda kilima na mzigo. Mshindi anavaa kaki ya utarishi. Mwingine anarudi kukata mkonge.

Na Mdoe alishaapa mkonge hakati tena. Mwiba wake ulimpofua baba yake jicho.

Sasa, Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Kutukanana ruksa. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unacheka kwanza.

Ila utani wa hawa wawili ulishachacha. Tangu Valerian amuoe Justa, aliyekuwa mchumba wa Mdoe, walitukanana kwa moyo wote.

Siku moja Mdoe alikuwa karakana, mezani kabureta mbili, vile vifaa vya kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini: ile ndogo ya kiwandani, na kubwa aliyoing'oa kwenye pikipiki mbovu. Anaipima hii, anaipima ile. Valerian akasimama mlangoni.

"Mzigua, hiyo kubwa itakimbia tambarare tu. Kilimani injini inazunguka polepole, hewa itapita kinyonge, petroli haitavutwa sawasawa. Bakiza ndogo. Na ukipanua tundu la injini kwa tupa ili kubwa ienee, hulirudishi tena."

"Toka hapa, Mnyamwezi! Babu yako alikuja huku kubeba mizigo ya watu, leo unifundishe injini?"

"Haya. Nimekwambia."

Mdoe akacheka. Mtani mwenye chuki akikukataza kitu, si ndicho chenyewe hicho? Akachukua tupa, akakwangua tundu mpaka jioni.

Ijumaa ya mashindano ikafika. Tambarare Mdoe alimwacha mwenzake kwenye vumbi, watu wakashangilia.

Kilima kikaanza. Gurudumu likazama mchangani, mwendo ukapungua, injini ikakohoa. Akavuta mafuta yote. Ikazima.

Akapiga kiki tena na tena, wapi!

Valerian akampita taratibu na kabureta yake ndogo. Hata hakugeuza shingo.

Waliposhuka, Mdoe alimkunja shati.

"Umeniroga!"

"Nikuroge ya nini? Nilikwambia ukweli mtupu."

"Kwa nini uniambie, na kazi unaitaka wewe?"

Valerian akamtoa mkono shatini.

"Nilikuona unasita. Ningenyamaza, ungebakiza ndogo. Kwa hiyo nikakusifia ndogo, maana nakujua. Nikisema kulia, wewe unakwenda kushoto."

Mdoe akakimbilia kwa mnyapara kushtaki. Alipofika mlangoni, akageuza njia. Ashtaki nini? Kwamba ameambiwa kweli?

Jumatatu akaonekana mkongeni na panga lake.

Mimi nasema hivi, msomaji wangu: adui mchukie ukipenda, hakuna atakayekuzuia. Lakini neno lake lipime kwanza, kwa sababu anajua kabisa kwamba hutalipima.