Msimamizi Aliyeomba Kurudi Kusoma Mita

Saa moja na robo asubuhi. Geti la bati linafunguliwa nusu, na mwanamume mrefu mwenye mvi kidevuni anaingia akipiga hodi kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Anapita pembeni ya kamba ya nguo, anachuchumaa kwenye kona ya ukuta, anafunua kifuniko cha chuma na kufuta tope kwenye kioo cha mita kwa kidole gumba.

"Mama, mwezi huu mmetumia maji kama mnaosha magari," anamwambia mwenye nyumba huku akiingiza tarakimu kwenye simu ya kazi.

"Magari niyatoe wapi? Wajukuu wamekuja likizo," anajibu mama huyo. "Wewe andika tu, ila uwe na huruma."

Anacheka, anasimama bila kushika ukuta, anaaga na kutoka. Kwa anayemtazama, kusimama hivyo ni jambo dogo. Kwake si dogo hata kidogo. Miaka mitatu iliyopita, kama angechuchumaa pale, ingebidi watu wawili waitwe kumnyanyua.

Wakazi wa mtaa huu wanamwita Mzee wa Mita. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu, mume na baba wa watoto wawili. Wachache wanajua kwamba aliwahi kuwa bosi wa wasoma mita wote wa mamlaka ya maji ya mji huu, na kwamba cheo hicho alikirudisha kwa hiari yake mwenyewe.

"Wengine wanadhani niliiba," anasema. "Siwalaumu. Ukimwona bosi amerudi kwenye matope, utafikiria nini?"

Aliajiriwa akiwa kijana na akasoma mita kwa miaka kumi na minane. Alijua kila uchochoro, kila mbwa mkali, na kila nyumba ambayo wenyewe hujifanya hawapo wakisikia mtu wa maji amefika.

Kisha akapandishwa cheo. Akapewa ofisi ghorofani, kiti cha kuzunguka, na gari la idara lililomfuata mlangoni asubuhi na kumrudisha jioni. Chai ililetwa mezani ikiwa na sukari vijiko vinne, na soda haikukauka kwenye jokofu la ofisi.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea suruali za kiofisi. Mwaka uliofuata akazipanua, na mwingine akazipanua tena.

"Kila suruali huwa naacha kitambaa cha akiba kwenye mshono," mkewe anasimulia. "Mwaka wa tatu nikamwambia, baba watoto, akiba imekwisha. Sasa labda nikushonee pazia."

Walicheka siku hiyo. Lakini ilikuja kiu isiyoisha, kisha kuamka usiku kwenda haja ndogo, kisha macho kuona ukungu. Hospitalini wakasema ni kisukari. Akapewa vidonge, naye akavimeza kwa kusuasua. Akijisikia vizuri, anaacha.

Sukari ikazidi kupanda hadi akaanzishiwa sindano za insulini. Dozi ikaongezwa, ikaongezwa tena, lakini sukari haikusikia. Kilichopanda ni uzito, na nyayo zikaanza kufa ganzi.

Jioni moja alivua kiatu akakuta kifungo cha nguo ndani, kimedondoka kutoka kwenye kazi za mkewe. Kilikuwa kimemchubua siku nzima hadi kidonda, naye hakuhisi chochote.

"Nilikaa kitandani nikiutazama ule mguu," anasema. Kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yetu, anaongea polepole. "Kaka yangu mkubwa amekatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu. Nikawa naangalia mguu wangu, lakini ninayemwona ni kaka."

Kidonda hicho kilimfikisha kliniki, kwa daktari mpya wa kike aliyekuwa na umri wa kuwa binti yake. Daktari alipitia kumbukumbu zake zote. Badala ya kuongeza dozi, akamwuliza, "Mzee, kwa siku unatembea kiasi gani?"

"Kutoka kwenye gari hadi kwenye lifti," akajibu.

Daktari hakucheka. Akamweleza kwamba insulini anayo. Kongosho lake linatengeneza nyingine, na sindano zinaongeza. Tatizo ni kwamba mwili wake umekuwa sugu.

"Insulini kazi yake ni kupiga hodi ili misuli ifungue, sukari iingie itumike," alimwambia. "Kwako inabisha, walio ndani hawafungui. Sukari inabaki imejaa kwenye damu."

"Hao nawajua, dokta. Nimebisha milango yao miaka kumi na minane."

Hapo ndipo daktari alipocheka. "Basi tusibishe kwa nguvu tu kila siku. Tuwafanye wafungue."

Alimrudisha kwenye vidonge vya kupunguza usugu huo, safari hii ameze kila siku bila kukosa, huku akiendelea na sindano. Soda ikakatazwa, na nusu ya sahani ikawa mboga. Kidonda kikishapona, alitakiwa kutembea, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari yenyewe na huanza upya kuisikia insulini. Daktari hakumwahidi kupona. Alimwahidi kujaribu pamoja naye.

Kidonda kilipona, akaanza kutembea jioni. Wiki ya kwanza alijitahidi. Wiki ya pili alitoka mara moja tu. Ya tatu ikanyesha mvua.

"Najijua," anasema. "Nikitembea bila sababu naona aibu, kama mtu aliyepotea. Lakini nikipewa njia ya kupita, naipita."

Ndipo akaingia kwa meneja na kuomba kurudi kusoma mita. Meneja aliinuka akafunga mlango. "Kuna mtu amekukosea?" akamwuliza. Ilimchukua karibu saa nzima kumweleza kwamba hakuna ugomvi na hakuna wizi.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Mshahara ungepungua karibu theluthi, na binti yao mkubwa alikuwa chuoni.

"Nilinuna wiki nzima," mkewe anakiri. "Nikamwuliza, baba watoto, una akili zako kweli? Akaniambia, 'Mama watoto, unataka cheo au unataka mume?' Nikamjibu nataka vyote viwili. Halafu nikaenda kumkatia kitambaa cha sare."

Mwezi wa pili wa kazi nusura kila kitu kiharibike. Asubuhi hiyo alijichoma insulini, akachelewa, akatoka bila kula. Jua lilipopanda akaanza kutokwa jasho la baridi na kutetemeka. Alijishikiza kwenye geti lililokuwa karibu, bila kujua ni la mama muuza vitambaa ambaye yeye mwenyewe, enzi za ubosi wake, aliagiza akatiwe maji.

"Nilikuwa nimemwekea maneno yake," anasema mama huyo. "Nikatoka nimempania kabisa. Namkuta anayumba, nikasema kumbe na pombe anakunywa. Mara ananiomba sukari. Mlevi haombi sukari."

Akamkorogea sukari kwenye kikombe cha maji, akamkalisha kivulini, akamletea mkate. Alipoona macho yametulia, ndipo akamkumbusha yale maji aliyomkatia, neno kwa neno, mpaka mwisho. Mzee wa Mita akasikiliza yote, akaomba radhi. Leo ni marafiki.

Kliniki alikwenda akitarajia kukaripiwa, na alikaripiwa kweli kwa kutoka bila kula. Lakini daktari alikuwa na jingine pia.

"Mwili wako umeanza kuisikia insulini," alimwambia. "Dozi ya zamani sasa ni kubwa kwako. Tunaipunguza."

Akamwonya asiipunguze wala kuiongeza mwenyewe, na mfukoni asikose kitu cha sukari kwa dharura. Miezi ikaenda, na kila alipopimwa dozi ikashuka kidogo. Kilo ishirini zikamtoka. Fundi cherehani akaanza kubana suruali zilezile alizozipanua.

Siku iliyowabadilishia hesabu ilikuwa ya kliniki ya kawaida. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kilichowahi kufika asilimia kumi na moja, kilisoma sita na nusu. Daktari akakitazama mara mbili. "Sindano tunaziacha," akasema. "Vidonge unaendelea navyo, na vipimo hatuviachi."

Mkewe alikuwa akimsubiri kwenye benchi nje. "Akatoka anafuta macho. Nikajua ameambiwa baya. Kumbe sindano zimeisha. Akanishika mkono, akaniambia twende nyumbani kwa miguu."

Walitembea mji mzima, mama akilalamikia viatu vyake njia nzima, baba akitabasamu kila kona. Jambo la kwanza walipofika ni kumpigia kaka simu.

"Nikamwambia sindano zimeachwa," anasema Mzee wa Mita. "Akaniambia, 'Mdogo wangu, tembea na kwa niaba ya mguu wangu.'"

Mwezi uliopita kiti cha msimamizi kilikuwa wazi tena, na meneja akamwita kumpa. Alikataa kwa heshima, akaomba kitu kingine: kila Ijumaa aruhusiwe kuchukua wafanyakazi wa makao makuu wenye kisukari, na wanaonyemelewa nacho, awapitishe mitaani kwenye zamu yake. Daktari amekubali kuwapima kwanza.

Aliyejiandikisha wa kwanza ni meneja mwenyewe. Ijumaa iliyopita alifika amevaa raba mpya, akauliza wanakwenda umbali gani, na kufikia mtaa wa pili alikuwa ameshavua tai.

"Nimebakiza miaka saba kustaafu," anasema Mzee wa Mita, akifungua geti jingine. "Nikiondoka nataka ofisi nzima iwe inatembea. Mita zitasomwa na mwingine. Mimi nitapita kuwasalimia watu tu, na mama watoto ameshasema, akinunuliwa viatu, twende wote."