Lijamu Lililopita Kinywani Mwangu

Baada ya miaka mingi ya usaisi Nairobi, nikitunza farasi wa watu, nilirudi nyumbani, karibu na Birongo. Wenzangu hurudi na godoro na televisheni. Mimi nilirudi na farasi jike wa miaka mitatu. Mwajiri wangu alinipa kwa sababu hakuna aliyeweza kumtia lijamu, kile chuma cha kinywani kinachofungwa hatamu. Akiguswa midomo tu alirusha kichwa na kurudi nyuma mpaka ukutani. Nilimpenda hivyo hivyo.

Mama hakumpenda. Mnyama gani huyu, anamaliza nyasi za ng'ombe na hatoi maziwa! Kubeba majani chai angeweza, mzigo alishauzoea uani, lakini njia ya kwenda kituo cha kuuzia chai ni mteremko na pikipiki hazina adabu. Bila lijamu nisingethubutu. Basi Mama akakata shauri: mnunuzi angekuja Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Mnunuzi hakusema angempeleka wapi, nami sikuhitaji kuuliza. Nilikuwa na siku kumi. Nikaapa hatoki.

Lijamu la kwanza lilikuwa na kiungo kimoja katikati. Nikivuta hatamu kidogo lilijikunja likamchoma kaakaa. La pili lilikuwa nene, limevikwa mpira, nami nikajiona mwerevu: nene ndilo laini. Wapi! Nilipomfungua kinywa na kutazama vizuri niliona aibu. Ulimi mnene, kinywa kidogo, nafasi hakuna. Siku zote hizo nilikuwa nikimsonga.

Nikampitishia kamba ya katani kinywani, nikafunga fundo kila upande mdomo ulipoishia, nikaenda nayo Masimba kwa fundi wa kuchomelea mageti. Nilitaka chuma chembamba kidogo, viungo viwili, na kipande bapa katikati cha kulala juu ya ulimi.

"Mathe, mchagua jembe si mkulima," fundi akasema. "Si umwekee tu waya kama punda?"

"Wewe unaweza kushinda na waya mdomoni?"

Alipomaliza nililiosha, nikalitia kinywani mwangu, nikalipitishia ulimi kila mahali nikitafuta palipokwaruza. Wapita njia walicheka wakashika mbavu. Nilimrudishia mara mbili alipige msasa, na mara ya pili yeye mwenyewe hakucheka tena.

Kesho yake, Alhamisi, farasi alilinusa tu akageuza shingo. Hapo nilipandwa na hasira, nikamtukana yeye na ukoo wake wote, kisha nikaketi juu ya debe nikalia. Nilipochoka kulia nikalitia tena kinywani mwangu. Lilikuwa chungu kama shubiri. Masizi! Usiku kucha lilikuwa limening'inia juu ya meko, pale Mama anapotundika mbegu za mahindi na kila asichotaka kiharibike.

"Nani aliweka chuma changu kwenye moshi?"

"Mimi. Kisiingie kutu," Mama akajibu, akaendelea kumenya ndizi. "Si umekihangaikia?"

Nililisugua kwa sabuni na maji moto, nikalisuuza, nikalipaka maji ya muwa. Ijumaa asubuhi nililipasha viganjani, nikalishika chini ya midomo yake, nikangoja. Sikumlazimisha. Aliramba, akaramba tena, akafungua kinywa. Lilipokaa mahali pake alilitafuna polepole, povu jeupe likamtoka midomoni, na kichwa kikatulia. Nilitamani kupiga vigelegele lakini niliogopa kumshtua.

Siku hiyo tulipeleka chai, mimi nikishika hatamu, Mama akifuata nyuma. Pikipiki tatu zilitupita, moja ikipiga honi bila sababu. Farasi alisimamisha masikio, akaendelea kushuka.

Tuliporudi tulimkuta mnunuzi langoni na lori lake. Mama alimsalimia kwa Kiswahili chake cha wageni.

"Umekuja bure. Huyu hauzwi."

"Mama, si tulikubaliana? Na jua bado iko juu."

"Iko juu, naona. Lakini huyu ako na kazi. Jumatatu anapeleka majani yangu."

Lori lilipoondoka machozi yalinitoka mbele ya Mama bila haya. Yeye akanyoosha mkono kuelekea hatamu.

"Lete hizo kamba," akasema kwa lugha yetu. "Wewe unavuta sana."