Mashua ya Daktari Yenye Miguu Minne

Mimi ni fundi wa viti na meza hapa Nyakabiga. Jirani yangu daktari, ambaye vita vimemkatizia safari za ziwani, aliniletea boksi la vipande vya mashua ndogo ya tanga, ya mfano, nimuunganishie. Nikachanganyikiwa: karatasi ya maelekezo ilitaka chini yake kibandikwe chuma kizito. Sasa itasimamaje mezani? Chuma nikakiacha, nikaiwekea miguu minne mizuri.

Jumapili daktari akaita majirani, akaiweka kwenye beseni la maji. Ikapinduka, miguu juu, kama mbuzi aliyekufa. Nikaiinua, ikapinduka tena.

“Mi naona shida ni tanga, Docteur,” nikasema.

“Fundi, na kile chuma ya chini iko wapi?”

Mke wangu akanijibia:

“Iko kwa atelie yake ya viti, Docteur. Anazuiaka nayo mulango.”