Zuleha na Kifungu cha Mabaharia

Halmashauri yenyewe sitaitaja kwa jina. Ziwa Tanganyika ni refu, halmashauri zinazoligusa ni kadhaa, na wenzangu wa barazani bado tunasalimiana. Nitamtaja Zuleha tu, kwa kuwa mwenyewe amenipa ruhusa, tena kwa sharti moja: nisimfanye malaika.

Basi, si malaika. Ni mwanamke wa Ujiji, sauti yake husikika kabla hajaonekana, na akikasirika hachagui wa kumsema. Aliolewa na nahodha Abdulmajid wa kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, kaskazini mwa mji wa Kigoma, akahamia huko. Alikuwa akipeleka migebuka na dagaa soko la Kibirizi, watu wakamjua, akagombea udiwani akashinda. Barazani tulikaa benchi moja. Mimi, Scola, diwani mwenzake, nilizaliwa Katubuka mjini Kigoma, ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na sikuwahi kuwa na rafiki mcheshi kama yule Mwislamu wa Ujiji. Mjumbe akisimama kuchangia, Zuleha ananong'ona, "Huyu akimaliza utangulizi, mimi nitakuwa na wajukuu." Mara mbili mwenyekiti amenionya kwa kucheka.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Alitaka halmashauri itunge sheria ndogo, kwamba boti yoyote inayoondoka kwenye mialo yetu, pale boti zinapotia nanga ufukweni, kila aliyemo avae jaketi la kujiokolea. Rasimu iliandikwa. Mkutano wa kawaida wa kwanza ikakosa nafasi, kwa sababu bajeti ilikula siku nzima. Mkutano uliofuata ikarudishwa kwa mwanasheria aipige msasa. Kila ikiahirishwa Zuleha alitoka nje bila kumuaga mtu.

Cha ajabu, mpinzani wake mkubwa alikuwa anakula naye sahani moja. Abdulmajid alikubali majaketi kwa abiria. Zuleha alikuwa ameyanunua mwenyewe kwa faida ya samaki, na nahodha aliyagawa kila safari bila ubishi. Kuvaa yeye ndiko alikokataa. Kwenye mialo yetu nahodha hupima upepo kwa macho, na abiria hupima upepo kwa kumtazama nahodha. Akionekana amejifunga jaketi, watu wanaanza kuulizana kulikoni, wengine wanashuka na mizigo yao na kungoja boti nyingine. Kwa hiyo manahodha na mabaharia wao husimama na fulana tu hata ziwa likichafuka, na wamelelewa hivyo tangu wakiwa watoto.

"Nikivaa hilo dude nitasafirisha magunia peke yake," alikuwa akimwambia mkewe, mbele yangu, huku akicheka. Jaketi lake lilining'inia karibu na injini, jipya, halijawahi kulowa.

Siku boti ilipozama walikuwa wanatoka Kibirizi kurudi kijijini, abiria na magunia ya unga. Aliyetusimulia ni Eliakimu, baharia wake, ambaye aliokoka kwa kukumbatia dumu la mafuta. Anasema upepo uliwageukia ghafla na maji yakaanza kuingia. Alimsihi nahodha avae. Abdulmajid akamjibu kwa sauti ya chini, "Nikivaa sasa hivi watajua tunazama. Watakimbilia upande mmoja, tutapinduka kabla ya kukaribia nchi kavu." Akaendelea kushika usukani na kuwatania abiria mpaka wimbi lililowapindua. Abiria wote walielea na majaketi yao hadi wavuvi wakawafikia. Abdulmajid alipatikana kesho yake.

Nilimlilia yule mtu kama kaka yangu. Zuleha aliingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mama mkwe wake, Bibi Mwanakombo. Bibi huyo alikuwa amemzaa Abdulmajid peke yake. Hakutoa chozi msibani. Alikaa kwenye mkeka, macho makavu, akiitikia pole za watu.

Ajali hiyo ndiyo iliyoifufua rasimu. Magazeti yaliandika, watu wakapiga simu redioni, na mwenyekiti wetu akaitisha mkutano maalumu. Mkutano wa namna hii una kanuni zake. Haungoji zamu ya mkutano wa kawaida, haujadili ila jambo lililouitisha, na kila mjumbe lazima apelekewe taarifa kabla. Tulikutana, tukasimama kimya kumkumbuka marehemu, kisha tukaanza kupitia vifungu.

Tulipofika kifungu cha majaketi, alisimama diwani Thobias. Thobias ana boti zake, na alilisema hilo waziwazi kabla ya kuchangia, sitamsingizia. Alisema rasimu imeandika "kila aliyemo chomboni", na yeye anaomba isomeke "kila abiria". Ajali imetufundisha, alisema, kwamba abiria wenye majaketi hupona. Nahodha na mabaharia ni watu wa kazi, wanavuta kamba, wanainama kwenye injini, tuwaachie wenyewe. Wajumbe wakapiga meza. Watu walikuwa na huzuni, walikuwa na haraka, na maneno "abiria wote walipona" yalikuwa matamu masikioni. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki, ukumbi ukaitikia ndiyo. Sisi tuliosema siyo sauti zetu hazikufika hata mlangoni. Sheria ikapitishwa, ikabaki kupelekwa ngazi za juu kuidhinishwa.

Siku iliyofuata nilikwenda kumpa Zuleha habari. Nilimkuta amekaa na Bibi Mwanakombo, amevaa nguo zake za eda. Nikamsalimu bibi, shikamoo, akaitikia. Nikasema sheria imepita, nikaeleza na mabadiliko ya Thobias, nikijua nampelekea kidonda.

Hakuuliza habari za Thobias. Aliuliza, "Mkutano ulikuwa jana?"

"Jana."

"Mbona mimi sikupewa taarifa?"

Nilidhani amepewa na ameamua kukaa. Nikampigia simu palepale mhudumu wa baraza aliyegawa taarifa, naye akajibu kwa unyenyekevu wote kwamba alifika hadi kwenye kona ya nyumba akarudi. Alijiuliza ataingiaje kwa mwanamke aliye edani na mambo ya vikao. Akaona aibu. Kwetu mfiwa haitwi kazini, anapelekewa unga na kuni. Na wakubwa zake walipoambiwa, nao wakaona amefanya la heshima. Hakuna aliyemtakia Zuleha mabaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Zuleha alisikia yote kwenye spika ya simu. Akasema polepole, "Nimefiwa, Scola. Sijajiuzulu."

Kisha tukakaa tukilipima jambo lenyewe. Kama mjumbe mmoja hakuitwa na akaweka pingamizi, mkutano ule ni batili na sheria imeanguka nao. Zuleha akinyamaza, sheria itakwenda ilivyo, na abiria watavaa majaketi, maelfu ya watu kila mwezi. Akipinga, tutarudi mwanzo. Boti zitaendelea kusafiri bila sheria yoyote, na wenye boti watapata muda wa kujipanga. Huenda tukakosa hata hicho kifungu cha abiria. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mimi ningenyamaza.

Alimgeukia mama mkwe wake. "Mama, unasemaje?"

Bibi Mwanakombo alisema, "Mimi sijui vikao. Nenda kamuulize shehe kama unaweza kutoka. Mengine unayajua."

Hakwenda, alimtuma binamu ya marehemu. Shehe wa msikiti wa kijiji alijibu kwamba mjane anaweza kutoka mchana kwa haja ya lazima, bila kujipamba, na arudi kulala nyumbani kwake. Jioni hiyo Zuleha akampigia mwenyekiti simu kuweka pingamizi. Nilikuwa nimekwisha kurudi kwangu. Nasikia simu ilikuwa fupi.

Wiki za kungoja mkutano wa pili zilikuwa ngumu. Kila upepo ukivuma nilikuwa naogopa simu isije ikalia. Kuna waliomsema Zuleha hadharani, kwamba huzuni imemharibu akili, kwamba anawachelewesha abiria wa watu kwa ajili ya mumewe aliyekwisha kuzikwa. Kuna mwanamke alimwambia hivyo mlangoni kwake, akiwa ameleta rambirambi. Zuleha alipokea rambirambi, akafunga mlango, akalia mpaka sauti ikakauka. Hili amenikubalia niliseme.

Taarifa ya mkutano safari hii aliletewa na mhudumu yuleyule, akaikabidhi kwa mikono miwili bila kuinua macho.

Siku yenyewe Zuleha aliingia ukumbini na wajumbe wote wakasimama, hawakuambiwa na mtu. Alikaa mahali pake kando yangu. Hakuninong'oneza mzaha wowote.

Mwenyekiti alifungua mkutano akasoma jambo lililouitisha. Tukapita vifungu vya mwanzo. Kwenye kifungu cha majaketi, ambacho rasimu tuliyoletewa ilikuwa bado imekiandika "kila abiria", Zuleha akanyoosha mkono, lakini Thobias akawahi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, utaratibu. Mkutano uliopita ulikwisha kuamua neno 'abiria'. Tumekuja kurekebisha kasoro ya taarifa, hatukuja kufungua mjadala upya. Mkutano maalumu haujadili lisilokuwa kwenye taarifa."

Ukumbi ukaguna. Niliona mikono ya Zuleha imeshika ukingo wa meza. Kama hoja ile ingepita, safari yake yote ingeishia pale, tena angekuwa ameivunja sheria ya kwanza bure. Mwenyekiti akamtazama mwanasheria wa halmashauri. Mwanasheria akasimama, akasema mkutano ule wa kwanza haupo tena kikanuni, kwa hiyo haukuamua neno lolote. Jambo lililo kwenye taarifa ni sheria hii ndogo, na sheria ni vifungu vyake vyote. Kifungu hiki kinajadilika.

"Mheshimiwa Zuleha," alisema mwenyekiti.

Alisimama. Nilizoea kumsikia akiunguruma. Siku hiyo alisema taratibu, na watu wa nyuma wakainama mbele ili wamsikie.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwenye boti ile abiria wote walikuwa na majaketi, na abiria wote wako hai. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Mume wangu hakuwa abiria."

Akamgeukia Thobias.

"Mheshimiwa Thobias amesema mabaharia tuwaachie wenyewe. Mimi nimelala na baharia nyumba moja miaka mingi, nawajua. Wenyewe hawawezi. Jaketi la mume wangu lilikuwa hatua moja kutoka mkononi mwake. Hakulivaa kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Anayevaa peke yake anaonekana mwoga, anakosa abiria, na siku ya hatari anawatia watu hofu. Mkiwaelimisha watakubali kwa kichwa na hawatavaa. Mkiweka sheria, nahodha hatalazimika kujieleza kwa mtu. Atavaa tangu mwaloni, abiria wamzoee hivyo, na akichekwa atasema ni halmashauri hiyo, mimi mwenyewe sipendi. Naomba mumpe mtu wa kumsingizia. Atusingizie sisi. Naomba kifungu kirudi, kila aliyemo chomboni, nahodha na mabaharia wakiwemo."

Akakaa. Hakuna aliyepiga meza. Diwani mmoja mzee, Nehemia, mvuvi wa zamani, akasimama kuafiki, akasema maneno mawili tu kisha akashindwa kuendelea, akakaa akijifuta uso kwa kofia.

Mwenyekiti akamuuliza Thobias kama ana la kuongeza. Thobias alikuwa anatazama meza. Akasema, "Sina, Mheshimiwa."

"Wanaoafiki marekebisho ya Mheshimiwa Zuleha?"

Ndiyo ilijaza ukumbi.

"Wasioafiki?"

Nilimtazama Thobias kwa jicho kali, nakiri. Hakufungua mdomo.

Sheria ilisomwa tena yote, ikapita yote. Watu walitaka kumshika Zuleha mkono, lakini jua lilikuwa linashuka na alitakiwa kuwa nyumbani. Nilimsindikiza kwa gari la jirani yangu. Njia nzima aliangalia dirishani upande wa ziwa. Mara moja tu alisema, "Nimechoka, Scola," nami nikamshika mkono.

Bibi Mwanakombo alikuwa ameketi barazani akitungojea. Alikuwa amekwisha kuchota maji ya mkwe wake ya kuoga, akayafunika na sinia. Zuleha akavua viatu, akakaa chini karibu naye.

"Wamekubali?" bibi akauliza.

"Wamekubali, mama. Mpaka mabaharia."

Bibi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Nilidhani ameridhika, nikaanza kutafuta maneno ya kuagia. Kumbe alikuwa na swali lingine, na nafikiri ndilo alilokuwa amekaa nalo tangu siku ya msiba.

"Hiyo sheria ingekuwapo siku ile," akasema, "mwanangu angevaa?"

Nilitamani Zuleha amdanganye. Nilitamani aseme hapana, asingevaa, unamjua mwanao alivyokuwa mbishi, siku yake ilikuwa imefika. Lingekuwa jibu jepesi kubeba kwa wote wawili.

Zuleha alimshika yule mama magoti.

"Angevaa, mama. Angenung'unika, angenisema njia nzima kwa abiria wake, lakini angevaa."

Hapo ndipo Bibi Mwanakombo alipomlilia mwanawe.