Kipimo cha Mama Mkwe

Wazee wa Mabatini wanamjua fundi Nkwabi. Ndiye anayepanua milango, anayegeuza ngazi za mawe kuwa mteremko na kufunga vyuma vya kushikia ukutani. Kabla ya kushika mwiko humkalisha mzee na kumpima kwa futi, kisigino hadi goti. "Nyumba ni kama kiatu," husema. "Humpimii mtu asiyekuwepo."

Maneno yakamrudia mwenyewe. Mama mkwe wake, Ng'washi, alikuwa ameshindwa na choo cha kuchuchumaa kwa sababu ya maumivu ya magoti, na mwanawe Elias alitaka kumhamishia kwake Usagara. Mama hakutaka hata kusikia. Miaka arobaini ameishi Mabatini, kwenye mawe yale ya mlimani. Elias akampa wiki mbili: akiweza kujihudumia, atabaki.

Nkwabi akajenga choo cha kukalia, kiti cha tofali kwa saruji, na chuma cha kushikia ukutani. Lakini nani amwambie mama mkwe akae apimwe goti? Kwa Wasukuma mtu na mama mkwe wake husalimiana kwa mbali, macho chini. Basi akakisia. Fundi mzima, akakisia.

Siku ya tatu mkewe, Modesta, alirudi kutoka kwa mama yake amenuna.

"Mama hanywi maji asije akaenda chooni. Kiti kirefu, miguu inaning'inia, anaogopa kuanguka. Na kukwambia wewe anaona haya."

Nkwabi aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Heshima ya ukwe ni njema, lakini hii ilikuwa inamfukuza mama wa watu kwake.

"Kiti gani anakaa na kuinuka mwenyewe?"

"Kile cha jikoni. Alichongewa na marehemu baba."

"Kakilete."

Akakipima. Kilikuwa kifupi kuliko cha chooni kwa tofali moja kamili. Marehemu hakuwa fundi, ila hakuwa na mtu wa kumwonea haya. Nkwabi akabomoa mstari mmoja wa tofali, akapiga lipu upya.

Wiki mbili zilipoisha, Elias alipofika na gari kumchukua, mama alikuwa anatoka chooni peke yake, taratibu, mkono kwenye chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia, umefanya vizuri. Kunywa chai, kisha urudi kwako."

Halafu akamgeukia Modesta, ingawa mkwe alikuwa nyuma ya ukuta akisikia kila neno.

"Mwambie fundi, amenipima kama baba yako."

Nkwabi akainamisha macho, kama inavyompasa, akaichekea ardhi.