Milango Iliyotazama Ndani

Naandika haya masikio yangu yakiwa bado ya moto, ingawa walioshuhudia wameshacheka mpaka wakachoka, na mke wangu amenikataza kutamka tena mbele yake neno "nimeshasoma".

Mimi ni fundi wa mabango, Igoma. Shuleni sikufika mbali. Ninachokijua nimejifunza mwenyewe, kwa utaratibu, na kiburi changu chote kinakaa hapo. Binti yangu Kabula haoni tangu kuzaliwa, na alikuwa akisoma bweni, mbali, tukimwona likizo tu. Basi shule moja ya binafsi huko Butimba ikaamua kupokea watoto wasioona wasome pamoja na wenzao, ikamwajiri mwalimu wa elimu maalumu, Mwalimu Specioza, na mkurugenzi akaniambia wazi: "Baba Kabula, Ijumaa nawaita wazazi wote. Wakiridhika, mtoto anaanza Jumatatu. Wakigoma, mimi sina ubavu wa kushindana nao."

Nikajitolea kutengeneza vibao vya milangoni kwa nukta nundu, yale maandishi ya vipele yanayosomwa kwa vidole. Nilipata chati ya herufi kwenye simu, nikaikariri yote, nikachukua bati jembamba, nyundo na msumari, nikagonga herufi moja moja kutoka kushoto kwenda kulia kama zilivyo kwenye chati, kisha nikaligeuza bati ili vipele vitokeze mbele (hapo nilipoligeuza, pakumbuke). Kabula sikumwonyesha, nilitaka ashangae siku yenyewe. Mwalimu Specioza alinikuta na nyundo mkononi.

"Shikamoo mzee. Niachie nivipitishie vidole kabla hujavipigilia."

"Marahaba. Usijisumbue mwalimu, hiyo nimeshasoma."

Ijumaa wazazi wakajaa kwenye baraza, na mimi, niliyevaa koti la harusi za watu, ndiye niliyependekeza kwa sauti kwamba Kabula asome vibao ili kila mtu ajionee. Akapelekwa mlango wa ofisi. Akagusa. Akagusa tena, midomo ikicheza: "E... halafu sijui... e tena... d..."

"Ameona aibu," nikawaambia wazazi, "tumpe mlango mwingine." Tukaenda jikoni, kimya. Tukaenda maktaba, kimya, na kundi lote linatufuata, na mimi badala ya kukaa kimya nikazidi kumhimiza, "Soma mama, soma, si unajua?" kana kwamba tatizo ni masikio yake.

Baba mmoja mwenye funguo za gari kidoleni akasema, wala hakunong'ona, "Si tuliambiwa huyu mtoto anasoma? Sasa walimu waache wanetu, wakae wanamfundisha huyu a, e, i?"

Mkurugenzi akaangalia chini. Nikaiona Jumatatu inaondoka.

Ndipo Kabula akaanza kucheka, peke yake, mkono ukiwa bado kwenye bati.

"Baba, hivi vibao umegonga wewe?"

"Ndiyo."

"Ukaanzia kushoto?"

"Sasa nianzie wapi?"

Mwalimu Specioza akaziba mdomo kwa kiganja. Kabula akapeleka vidole mwisho wa bati, upande wa kulia, akaanza kurudi navyo kushoto, polepole, akitaja: "M, a, k, t, a, b, a. Maktaba." Akatuongoza mwenyewe kurudi tulikotoka, mkono ukiambaa na ukuta. "J, i, k, o." Kisha, "O, f, i, s, i."

"Sisi tukiandika tunatoboa kwa nyuma ya karatasi," akawaeleza, "tunaanzia kulia, na kila herufi tunaigeuza, ili ukifunua ikae sawa. Baba aligeuza bati tu, herufi hakuzigeuza. Kwa hiyo hapa nasoma kama ninavyoandika."

Nilisahau koti, nilisahau aibu. Kila siku mtoto huyu alikuwa akibeba kila herufi mara mbili, ya kuandika na ya kusoma, na mimi nilikariri moja nikajiita msomi! Yule baba wa funguo akafumba macho, akagusa bati, akagusa tena. "Mimi napata vipele tu," akasema taratibu.

"Ni vipele kweli," Kabula akamjibu, "ila vya baba vinatazama ndani. Kama yale maandishi anayobandika kwenye vioo vya daladala, ukiwa ndani unayaona kinyume. Si ndivyo ulivyonieleza, baba?"

Ndivyo. Kazi ya kugeuza herufi ndiyo inayonilisha.

"Mkurugenzi," yule baba akasema, "wangu naye yuko darasa la nne. Akae naye dawati moja."

Jumatatu ilirudi. Vibao niliving'oa, nikavigonga upya, nikianzia kulia na kugeuza kila herufi, na nimeapa hakuna bati litakalotoka kibandani kwangu kabla halijapita vidoleni mwa Kabula akitoka shule. Juzi kanirudishia kimoja, cha mlango wa choo.

"Baba, nukta moja haikutokeza. Umewaandikia watu 'choe'."